Kipoza cha Kupandia Mlima

Kituo cha mafuta, 4 Februari

Kwako Kaka,

Za siku nyingi, na za hapo nyumbani? Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Shemeji yako hajambo, anakusalimu, yuko na mbao zake kama kawaida. Wifi anaendeleaje na mgongo? Mwambie kile kitambaa alichoniagiza bado nakitafuta, asianze kuninunia kabla hajaniona. Watoto waambie shangazi yao hajawasahau.

Ningepiga simu, lakini tunajuana. Masikio yako yaliishia gereji, na simu akiishika wifi, mtaa mzima utajua gari langu linaumwa nini kabla wewe hujaambiwa. Ndiyo maana nashika kalamu.

Shida ni giaboksi. Pikapu kwenye tambarare haina neno. Nikifika ule mlima mrefu ulio katikati ya miji yangu miwili, trela ikiwa nyuma na vyombo vya watu wanaohama, nyumba moja ndogo kwa safari, nasikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Gari linapandisha gia, linashusha, linapandisha tena, halijui linataka nini. Juzi nilichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Yale mafuta mekundu yamekuwa ya kahawia na yananuka.

Duka la spea wameniambia nifunge kipoza cha ziada, mafuta yapite humo yapoe kabla hayajarudi kwenye giaboksi. Wanavyo vya aina tatu. Cha kwanza ni bomba moja lililokunjwakunjwa, limevishwa mapezi membamba ya bati. Cha pili ni cha sahani nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine, kina ukubwa wa kati. Cha tatu ni cha sahani vilevile, lakini kikubwa, na nyuma kina feni yake ya umeme. Muuzaji anasifia chochote ninachokishika. Nikigusa hiki, ndicho chenyewe. Nikikiweka chini nikagusa kile, kumbe ndicho chenyewe zaidi. Nimetoka pale kichwa kinauma.

Nichukue kipi? Jibu lako litume hapa hapa kituoni, mama wa kaunta ananitunzia barua. Usitume nyumbani, posta ya kule inachelewesha.

Mdogo wako,
Bi Haraka


Gereji, 27 Februari

Mdogo wangu Bi Haraka,

Barua yako nimeipata, na nimeijibu kwa kuchelewa kwa sababu ya jino. Limeng'olewa, lakini limeondoka na wiki zangu mbili. Wifi yako mgongo unamsumbua, mdomo hausumbuki. Watoto wazima. Mimi nipo, nimechoka tu. Siku hizi nikiingia chini ya gari nafikiria kwanza nitatokaje. Msalimie sana shemeji.

Sasa sikiliza. Kinachoua giaboksi ya otomatiki ni joto. Mafuta yakishaungua hayalainishi tena wala hayasukumi, yanabaki kuchafua tu. Hicho cha bomba lililokunjwa achana nacho, kinafaa gari la mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Cha sahani kinapooza vizuri zaidi hata kikiwa kidogo, kwa sababu mafuta yanatawanyika na kugusa bati kila upande. Kikubwa chenye feni ni cha mtu anayevuta mzigo mzito polepole, mahali ambapo upepo wa mwendo hautoshi. Ni kizuri, ila kinataka nafasi, kinataka waya, na feni ikifa hutajua mpaka uinuse tena ile pasi yako.

Kwa hiyo kabla sijasema, niambie unavuta kiasi gani. Hapana, najua wewe, ukisubiri jibu langu la pili utakuwa umeshanunua. Ulishaniambia mzigo wako ni vyombo vya nyumba moja ndogo, safari moja. Kwa huo, cha kati kinatosha na kubaki.

Akufungie mtu mwenye akili. Mafuta yatoke kwenye giaboksi, yapite kwanza kwenye rejeta kama yalivyozoea, ndipo yaingie kwenye kipoza, ndipo yarudi. Kipoza kikae mbele ya rejeta kinapopigwa na upepo, kishikwe na vyuma vyake. Wapo mafundi wanaopitisha zile kamba za plastiki katikati ya mapezi. Ukimwona anazitoa mfukoni, chukua ufunguo wa gari uondoke. Mipira iwe ya mafuta, isiwe ya maji. Akimaliza aongeze mafuta, maana kipoza nacho kinakunywa. Na ukianza kupanda, zima swichi ya ovadraivu, ile gia ya juu kabisa, gari liache kutapatapa na gia.

Kaka yako


Kituo cha mafuta, 30 Machi

Kaka Spana,

Pole na jino. Nilivyokuwa nasoma nilikuwa nashika shavu langu mwenyewe. Huku kwetu ni wazima wote, shemeji yako amepokea salamu na anasema na wewe salama. Mvua imeanza kutusumbua, turubai la trela limechanika pembeni na nimelishona kwa mkono.

Nilinunua cha kati. Fundi aliyenifungia alitoa kweli zile kamba za plastiki. Nikamwambia kaka yangu amesema ukizitoa niondoke. Akaniuliza kaka yako ni nani. Nikamjibu huna haja ya kumjua, tafuta vyuma. Akatafuta.

Kwenye tambarare mambo safi kabisa. Mafuta mapya yamebaki mekundu, na nimefunga kale kageji ka kuonyesha joto, kametulia kama mgeni. Lakini mlimani, Kaka, bado. Nikifika katikati kanapanda, kanapanda, mpaka nasimama pembeni na kufungua boneti, nakaa kwenye jiwe mpaka gari lipoe. Wenye malori wananipigia honi wakipita. Wengine wananijua sasa, wananipungia mkono.

Mzigo ni ule ule niliokuambia. Wa juzi ulikuwa wa mwalimu mmoja: meza, viti, kabati la vyombo, magodoro, maboksi ya vitabu. Basi.

Mdogo wako


Gereji, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Hapa hakuna habari mpya, na ukubwani hiyo ndiyo habari nzuri. Wifi yako anauliza kitambaa.

Hesabu yako hainiingii akilini. Injini ile, kipoza kile, na kabati la mwalimu: ule mlima ulipaswa kuupanda huku unaimba. Fanya hivi. Gari likishapata moto, shika kwa tahadhari mpira wa kuingia kwenye kipoza, kisha wa kutoka. Ukikuta wa kutoka umepoa kuliko wa kuingia, kipoza kinafanya kazi yake. Ukikuta yote ni moto sawasawa, angalia mbele, pengine matope au wadudu wameziba mapezi. Ukikuta yote ni baridi, mafuta hayapiti.

Jambo jingine. Mkia wa pikapu umekaaje trela ikiwa imefungwa? Umelala chini au uko sawa? Usinijibu kwa kukisia. Shuka, simama mbali, angalia.

Na shemeji hajambo? Hujanieleza kazi zake zinaendaje.

Kaka yako


Uwanja wa gereji, mjini, 2 Juni

Kaka,

Samahani kwa kimya. Salamu kwa wote.

Giaboksi imekufa. Ilikuwa katikati ya mlima, na mvua. Nilikanyaga pedali ya mafuta, injini ikanguruma, gari halikusogea. Likaanza kurudi nyuma na trela ikaanza kujikunja upande wa korongo. Nilishika breki kwa miguu yote miwili. Alikuja dereva wa lori akaweka mawe chini ya matairi, na mimi nilikuwa bado nimekaa ndani, siwezi kuuachia usukani.

Nilivutwa mpaka hapa. Gari liko juu ya mawe, trela iko pembeni ya ukuta. Mwenye uwanja ni mtu mwema lakini wema una mwisho.

Mipira niliishika kama ulivyosema. Wa kutoka ulikuwa umepoa. Kwa hiyo kipoza chako kilifanya kazi na giaboksi imekufa vilevile, na sijui nikuulize nini tena. Nilifuata kila neno lako. Nimekasirika, na huku mtu wa kumkasirikia ni wewe tu.

Mdogo wako


Gereji, 11 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Kasirika. Mimi mwenyewe nilikaa siku nzima sikugusa spana. Nilimwambia wifi yako kwamba ungekufa kwa ushauri wangu.

Giaboksi ninayo. Iko moja niliyoitoa kwenye gari lililogongwa, ya aina yako, nimeanza kuifungua na kuisafisha. Nitakutumia kwa lori la rafiki yangu. Kipoza nitakifunga mwenyewe humo humo kwenye sanduku, na mipira yake, ili usimguse tena muuzaji yule.

Lakini sitapakia kipoza chochote mpaka unijibu jambo moja, maana nikikosea mara ya pili sitajisamehe. Kama mpira wa kutoka ulikuwa umepoa, basi kipoza hakina kosa, kimezidiwa. Na hukunijibu kuhusu mkia wa pikapu. Mimi unaweza kunificha, giaboksi huwezi. Umekuwa ukivuta mzigo mkubwa kuliko uliotaja.

Omba mtu akuvutie hiyo trela mpaka kwenye mizani ya malori, ikiwa haina kitu hata kimoja cha mteja. Wapime. Kisha uniandikie wamesema nini.

Kaka yako


Uwanja wa gereji, 9 Julai

Kaka,

Hamjambo huko? Mimi nipo.

Nimepima. Mtu wa mizani aliuliza mteja wangu ni nani. Nikasema hakuna, trela ni tupu. Akaangalia mshale, akaniangalia mimi, akasema mama, tupu hii ina uzito wa nyumba ya watu. Karibu sawa na mzigo wa mwalimu. Kumbe kila safari nilikuwa navuta mizigo miwili na kukutajia mmoja.

Sikukudanganya makusudi, naomba uniamini. Sisi wahamishaji tukiulizwa mzigo tunataja wa mteja. Vitu vya dereva havihesabiwi: jeki, kamba, tairi la akiba, blanketi, jiko. Ni mazoea ya kazi, hata kwenye foleni ya mizigo tunaulizana hivyo. Uliponiuliza navuta nini, nilijibu kama ninavyowajibu wote.

Ila vitu vyangu si jeki na kamba. Naishi humo, Kaka, tangu mwaka jana. Kule mbele ya trela kuna nguo zangu, cherehani, pipa la maji, masufuria yote, na kile kitanda cha mbao ngumu chenye droo chini. Kimeegemea ukuta wa mbele, kwa hiyo ndiyo, mkia wa pikapu umelala. Wateja wanapanga magodoro yao juu yake wakidhani ni sehemu ya trela. Wakishashusha vyao nafagia, natandika, nalala.

Shemeji yako nilimwacha. Hakunipiga, hakunitukana, usije ukaenda kugombana na mtu bure. Alikuwa anaongea na wateja wake mchana kutwa, akiingia ndani hana hata neno moja lililobaki. Miaka. Unaweka chakula, unaondoa sahani. Siku moja nilimwambia nimeanguka bafuni, akasema sawa. Nikaanza kupakia. Alikuwepo. Alishika upande wa pili wa kitanda akanisaidia kukipandisha, kwa sababu ni kizito, na hakuniuliza ninakwenda wapi.

Nimechoka. Si na kazi, kazi naiweza. Nimechoka kuandika kwamba anakusalimu.

Mdogo wako


Gereji, 20 Julai

Mdogo wangu,

Sisi hapa tu wazima, na wewe nashukuru kwamba ni mzima, ndilo kubwa.

Nilijua kwamba mmeachana. Shemeji alikuja hapa mwaka jana, kabla hujaniandikia habari ya kipoza. Alidhani uko kwangu. Alikaa kwenye kile kiti kibovu cha gereji, akanywa chai, akachungulia nyuma ya nyumba akitafuta trela. Nikasubiri aniulize ulipo. Hakuuliza. Aliuliza kama kitanda kinanyeshewa. Alisema mbao zile zikilowa kwenye maungio zitavimba, nikuambie uziwekee nta. Halafu akaaga.

Sikukuambia. Nilijisemea utaniambia mwenyewe ukiwa tayari, na nikawa nakupa nafasi kwa kumsalimia. Kila ukiandika anakusalimu nilikuwa nasema moyoni bado, bado. Lakini nilidhani umepanga chumba mahali. Haikunijia kwamba mdogo wangu analala kwenye trela niliyoipimia kipoza. Limeniuma, sikufichi.

Wifi yako nimemsomea. Amelia, kisha amelalamika kwamba mimi na wewe tumezaliwa na midomo ya kulia chakula tu. Hakukosea.

Sasa tumalize kazi. Giaboksi iko tayari, imekaa juu ya meza. Kwenye rafu ninavyo vipoza viwili. Ukikiacha kitanda, kipoza cha kati kama ulichokuwa nacho kitatosha maisha yake yote. Mwenye uwanja hatakosa mnunuzi, mbao kama zile hazipatikani siku hizi. Ukibaki nacho, nitakupakia kikubwa chenye feni, na swichi nitaiweka karibu na usukani ili uiwashe kabla hujaanza kupanda. Utakwenda polepole na utafika. Vyote viwili ni salama, nimehesabu upya kwa uzito wa mizani. Kwa hiyo hili si swali la fundi. Chagua wewe, na usichague kwa kunifurahisha.

Chumba cha nyuma hakina mtu. Nakutajia tu kwamba kipo.

Kaka yako


Uwanja wa gereji, 6 Agosti

Kaka yangu,

Salamu kwako, kwa wifi na watoto. Huku sina mtu wa kumtaja, basi ni mimi peke yangu ninayewasalimu, na inanipa raha kuandika hivyo.

Hiyo habari ya kitanda kunyeshewa nilicheka mpaka mwenye uwanja akaja kuangalia kuna nini. Alinikuta nalia. Ndivyo alivyo yule mtu. Alichotaka kuniambia mimi alikisema kwa mbao. Niliishi naye miaka yote hiyo nikisubiri alihamishe neno moja kutoka kwenye mbao lije kwangu.

Nilijaribu kukiuza. Alikuja bwana mmoja na mkewe, wakakigonga, wakakisifu, mkewe akajilaza kidogo kujaribu. Miguu yake ilining'inia. Unajua kwa nini? Kile kitanda shemeji yako alinipimia mimi alipokitengeneza. Nilijilaza sakafuni, tulikuwa hatuna hata mkeka mzima, akachora chaki kunizunguka mwili mzima, na tulicheka sana siku ile. Nilimwambia yule mama ashuke. Nikawaambia samahani, nimeghairi.

Najua ni ujinga. Najua mtu mwenye akili angetupa mzigo akapanda mlima mwepesi. Lakini yeye nimeshamwacha, na siku zile sikuziacha, ni zangu na mimi. Nipakie kikubwa chenye feni.

Na nimechoka kulala kwenye magurudumu. Nikishafunga giaboksi nitafanya safari moja tu isiyo na mteja, kuja huko. Kazi nitaitafuta hapo hapo, watu wanahama kila mahali. Ila kitanda hakifunguki, alikiunga kwa gundi na vigingi vya mbao, hakina skrubu hata moja. Naomba upime mlango wa chumba cha nyuma. Usikisie. Shika futi, upime. Upana wa kitanda nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Kama hakipiti niambie mapema, nisije nikakiacha nje mbele ya macho ya wifi.

Mdogo wako


Gereji, 15 Agosti

Mdogo wangu,

Sote wazima. Sanduku limeondoka na lori asubuhi: giaboksi, kipoza kikubwa, feni, mipira, vyuma vyake. Fundi akifunga simama naye. Washa feni ukiwa bado chini, na ukifika juu usiizime mpaka mshale urudi mahali pake.

Mlango nimepima mara mbili, kisha wifi yako akapima kwa sababu haniamini. Hakipiti, si kwa kulala wala kwa ubavu. Barua hii naandika na vumbi kwenye nyusi. Fremu imeshatoka, na ukuta wa upande wa kushoto tumeanza kuubomoa leo.

Kaka yako